Kafedha na Mkwewe Bwawani

Kama umewahi kula viazi karai vya Kafedha pale Mjambere, Kisauni, mkabala na lile geti la bati la buluu, basi mwili wake unaujua, maana hapana njia ya kukifikia kiazi bila kuuzunguka. Ni mwili, bwana. Akikalia kile kibao chake, kibao hukioni tena, unaamini tu kwamba kipo. Na mwenyewe hauonei haya. Msichana mwembamba akipita, Kafedha humwita, "Wee mwanangu, njoo chukua viwili vya bure. Upepo unaanza, utapeperuka." Wanaume wa pale benchini wakicheka, huwageukia na kuwaambia wao pia wamekonda, ila wao hawapati cha bure.

Ukimwona hivyo utasema huyu mama haya haijui. Utakuwa umekosea sana.

Miaka kumi na miwili iliyopita karai la mafuta lilimpindukia. Mafuta yakamshika paja la kushoto, kuanzia juu ya goti mpaka nyongani, na palipopona pakapona vibaya, ngozi ikajikunja kama utandu wa maziwa yaliyopoa, kwengine nyeusi, kwengine rangi ya waridi. Toka siku hiyo paja lile halijaona jua. Marehemu mumewe, Menza, alikufa bila kuliangalia sawasawa. Kafedha huvaa dera la kuburura, ndani ya dera leso, ndani ya leso gagulo. Joto la Kisauni unalijua, na moto wa jiko uko mbele yake, mtu hujiuliza anaishije humo ndani. Anaishi tu.

Jambo la pili ni ukwe. Kwao Kafedha mkwe ni mkwe. Mama haangaliani machoni na mume wa binti yake. Hawali sahani moja, hawakai kiti kimoja, na jina la kijana halitajwi. Morgan, mume wa binti yake Faith, kwa Kafedha ni "babake Somo", basi, imeisha. Na ikitokea bahati mbaya mmoja akamwona mwenziwe hana nguo, au akamgusa mwili, kwa mlango wa ukoo wao dawa ni moja. Kijana alete doti ya leso na jogoo, mchana, watu wakiona. Leso ni ya kumsitiri mama. Jogoo ni wa kunyamazisha maneno, ijapokuwa jogoo wa kuwanyamazisha watu wa Mjambere bado hajaanguliwa.

Faith na Morgan waliondoka kwenda Ufaransa miaka tisa iliyopita. Faith anatunza wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, Morgan anapanga makasha kwenye bohari. Huko wakapata binti, wakampa jina la bibi yake, Kafedha. Ndiyo maana mkubwa humwita mdogo Somo, kwa kuwa wamechangia jina. Na Somo naye humwita bibi yake Hawe, kama Wagiriama wanavyoita. Miaka saba yote walijuana kwa simu tu, uso wa huku unauangalia uso wa kule, na mtandao ukikatika mmoja anabaki amefungua mdomo.

Somo alikuwa anafundishwa kuogelea kwenye bwawa la mji wao. Upande wa maji mafupi alikuwa hodari. Upande wa kina aliuogopa, kwa sababu siku moja alimeza maji huko akatapika mbele ya wenzake.

"Unaogopa maji wewe, na jina ni langu?" Kafedha akamwambia kwenye simu, mwiko wa kukaangia uko mkono wa pili. "Mimi nimekulia Mtongwe. Nikiwa kama wewe nilikuwa nakwenda mpaka katikati ya mkondo na kurudi kabla chai haijapoa. Pomboo wakiniona walikuwa wananipisha njia."

"Kweli, Hawe?"

"Haki ya Mungu. Nikija huko nitaingia na wewe upande huo huo wa kina. Tutaona nani ataogopa."

Pomboo tuwatoe, hao ni wa kuongezea chumvi. Lakini kuogelea kwenyewe kulikuwa kweli. Babake aligema mnazi Mtongwe, na Kafedha alijua maji kabla ya kujua kusuka nywele.

Mwanatabu, jirani yake anayeuza maji ya ukwaju, alikuwa pembeni anasikiliza, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri lakini hajawahi kukosa siku.

"Na huko utavaa nini, shoga? Nasikia Wazungu wanaingia na kipande kidogo kama kitambaa cha kupangusia meza."

"Nitapiga uwinda leso yangu," Kafedha akasema. "Nitaipitisha hapa katikati, niichomeke nyuma, niingie. Ndivyo nilivyoogelea toka nizaliwe. Maji yatauliza nini?"

Basi mwezi wa sita akapanda ndege. Mjambere nzima ilimsindikiza kwa maneno.

Nyumba ya Faith ilikuwa ghorofa ya nne, vyumba viwili na choo kimoja. Sasa niambie, wakwe wawili waheshimiane vipi kwenye choo kimoja? Morgan alijaribu. Kila akitaka kupita kwenye ujia alikohoa kwanza. Alikohoa mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Kula alikula jikoni amesimama. Kuoga alioga kazini, akirudi nywele zimelowa kama aliyenyeshewa. Kafedha naye kila akisikia kikohozi alijifunga leso ya pili juu ya ile ya kwanza. Faith aliwatazama wote wawili akatikisa kichwa.

"Mama, huku hakuna mambo hayo."

"Huku hakuna," Kafedha akajibu, "lakini mimi niko."

Somo akampa habari yenyewe. Jumamosi ya mwisho kabla Hawe hajarudi, watoto wa darasa lake wangevuka bwawa upande wa kina, kila mmoja na watu wake wawili wakubwa majini, mmoja kulia, mmoja kushoto. Asiye na wawili haruhusiwi kuvuka. Faith siku hiyo alikuwa zamu, na hata angekuwa nyumbani, Faith kwenye maji ni sawa na jiwe la kusagia. Walibaki babake na Hawe. Somo alishawaambia wenziwe wote: bibi yangu anakuja kutoka baharini.

Jumamosi ya kwanza wakaenda kujaribu. Morgan aliwashusha, akasema atangoja nje, kuna simu anangojea. Simu haikupigwa, lakini tuache.

Kafedha alitoka chumba cha kubadilishia nguo kama alivyoahidi Mjambere, leso amepiga uwinda ikambana vizuri, juu yake dera la kulinda njia mpaka afike majini. Alipita kwenye kidimbwi cha kuoshea miguu, akaburura dera lote humo, akatokea bwawani anachuruzika. Hatua ya tatu, filimbi.

Alidhani ni ya mtu mwengine. Akaendelea. Filimbi ikalia tena, ndefu, na bwawa lote likageuka. Msichana wa ulinzi, mwembamba, kaptula nyekundu, akaja mbio akasimama mbele yake, akaanza kuonyesha kwa vidole. Hili dera, hapana. Hii leso, hapana. Kichwani, kofia ya mpira iko wapi. Akamwonyesha ukutani palipochorwa picha. Mwanamke wa kostumu ya kubana, tiki ya kijani. Mwanamume wa kichupi cha kubana, tiki ya kijani. Mtu wa kaptula pana, msalaba mwekundu. Mtu wa nguo ndefu, msalaba mwekundu, na Kafedha akaona yule wa msalaba kachorwa mnene, kama vile aliyechora alimjua.

"Anasema nguo inayotoka nje haiingii majini," Somo akatafsiri kwa sauti ndogo, macho yake chini. "Anasema ni usafi, Hawe."

"Mwambie leso imefuliwa jana. Mwambie kwa sabuni."

Somo hakumwambia. Watoto wenziwe walikuwa wamejipanga ukingoni wanatazama, na mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Kafedha alirudishwa nje, akakaa kwenye benchi nyuma ya kioo kikubwa, pamoja na wazee waliovaa makoti. Maji ya dera yakatengeneza dimbwi chini ya miguu yake, akawa kama aliyejikojolea, na kila aliyepita aliruka. Alimtazama Somo kule ndani. Mwanzo Somo alikuwa akitupa jicho. Kisha msichana mmoja akamgusa bega, akanyoosha kidole kwenye kioo, akauliza kitu. Somo akageuka, akamwangalia bibi yake moja kwa moja, kisha akainua mabega juu akayashusha.

Kifaransa Kafedha hajui hata salamu. Lakini mabega yale hayakutaka mkalimani. Simjui huyo, yalisema.

Mwanamke aliyetukanwa na kila konda wa Kisauni akawajibu wote bila kupumzika, siku hiyo aliinama akakamua pindo la dera. Njiani Somo alikaa kiti cha mbele na babake. Usiku wake hakusema lala salama. Kwa siku nne hakuleta tena daftari lake la picha, lile alilokuwa akija nalo kila jioni kujibanza ubavuni kwa Hawe na kumwonyesha. Siku ya tano Kafedha alimfuata mwenyewe.

"Somo, umenikasirikia?"

"Ulisema unajua," mtoto akasema.

"Najua."

"Basi kwa nini hukuvaa?"

Hapo Kafedha alishika pindo la dera akalivuta chini kidogo, na lilikuwa tayari linagusa sakafu.

Kesho yake akamwambia Faith ampeleke dukani. Kwenye chumba cha kujaribia kulikuwa na kioo kirefu kuliko mlango. Nyumbani Mjambere kioo chake ni saizi ya sahani. Anaona uso, akitaka kuona shingo anakishusha. Sasa akajiona wote kwa mara moja, wa mbele na wa pembeni, chini ya taa nyeupe isiyosamehe. Kostumu nyeusi, saizi kubwa kuliko zote dukani, ilikuwa imemkamata kama kamba inavyokamata gunia. Ile nyama aliyoisifu miaka yote pale kwenye karai ilikuwa inatafuta njia ya kutokea. Na pale chini ya ukingo wa kostumu, kovu lote, toka nyonga mpaka goti, kana kwamba limekuja dukani nalo kununua.

Alikaa kwenye kigoda cha humo ndani akajifunika kwa dera.

"Mama, imeingia?" Faith akauliza kutoka nje ya pazia.

"Imeingia. Mimi ndiye sijaingia."

Faith akaingia. Aliliona lile paja, mara ya kwanza toka liungue. Kisha akasema, "Mama, hakuna atakayekuangalia. Huku kila mtu na lake."

"Babake Somo atakuwa upande wa pili."

"Atafunga macho."

"Ndani ya maji ya kina? Faith, unataka kunipa aibu au unataka uwe mjane?"

Wakacheka kidogo, lakini Kafedha alicheka akiwa ameshika dera kwa mikono miwili. Walinunua ile kostumu. Aliificha chini ya mto kama kitu cha kuiba.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Safari hii Morgan alishuka kwenye gari. Kifuko kilikuwa mkononi, uso umemshuka, na hakukohoa hata mara moja. Mlangoni wakaachana, wanawake huku, wanaume kule.

Kafedha alitoka na taulo la Faith kiunoni na kofia ya mpira kichwani, imemvuta nyusi juu akawa na sura ya mtu anayeshangaa muda wote. Yule msichana wa filimbi alikuwepo. Akaonyesha msumari ukutani: taulo linabaki hapa. Kafedha akalitundika. Akaweka kiganja juu ya paja, lakini kovu lake na kiganja chake si saizi moja. Akatembea upande upande kama kaa kuelekea mahali pa kuogea kabla ya kuingia bwawani, ambapo wanawake na wanaume wanakutana.

Na huko, kutoka mlango wa wanaume, akatokea mkwewe.

Morgan mtaani anaonekana mtu wa maana. Suruali pana, jaketi, kidevu juu. Kumbe vyote vilikuwa vya suruali. Alikuwa amevaa kichupi cha kijani kinachotosha kufungia kitunguu, juu yake tumbo limetulia, chini yake miguu miwili myembamba iliyogusana magotini kwa woga.

Wote wawili waligeukia ukuta kwa wakati mmoja. Huyu ukuta wa huku, yule ukuta wa kule, migongo inatazamana.

"Shikamoo, mama," Morgan akauambia ukuta.

"Marahaba. Usigeuke."

"Sigeuki."

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ukingoni, anatungoja."

Maji ya kuogea yakaendelea kuwamwagikia. Hakuna aliyeondoka.

"Tangulia wewe, mama," Morgan akasema mwishowe. "Mimi nasoma hizi sheria ukutani."

"Mbona kwako hapana kitu ukutani? Sheria ziko kwangu."

Morgan akakohoa. Kikohozi kilikuwa kimerudi.

"Basi mimi nitafunga macho, ukishaingia useme."

Kafedha akatembea. Hatua kumi na nne mpaka majini, alizihesabu, na kila hatua aliisikia nyama ya paja ikitikisika, na aliyasikia macho, yawe yapo au hayapo. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita alitamani sakafu ile ya vigae ifunguke immeze, kostumu na vyote. Kisha akajiachilia majini.

Na maji, wacha nikwambie, maji hayana ubaguzi. Yalimpokea mwili wote, yakaubeba, yakamfunika mpaka kidevuni. Mara ya kwanza tangu afike nchi ile Kafedha alipumua mpaka chini. Alipiga mikono miwili mitatu, ya Mtongwe, kichwa juu, miguu kama chura, akafika alipo Somo.

"Nimeingia," akasema. Akaongeza kwa sauti, uso umeelekea upande mwengine, "Nimeingia, babake Somo."

Wakaanza kuvuka. Somo katikati, Kafedha kulia, Morgan kushoto, na wale wakubwa wawili kila mmoja shingo ameipinda nje, huyu anatazama madirisha, yule anatazama saa. Ungewaona ungesema ni askari wanamlinda waziri. Somo alipiga miguu vizuri. Walipofika katikati, pale chini panapogeuka buluu nzito, akaacha kusonga mbele.

"Hawe, siwezi."

"Unaweza. Nitazame mimi."

"Baba amekwenda wapi?"

Kafedha akageuka, sheria au si sheria. Upande wa kushoto hakukuwa na Morgan. Kulikuwa na kofia ya mpira ya buluu inashuka, na juu yake mkono mmoja unaaga.

Kumbe kijana wa watu hajui kuogelea. Miaka yote ile Somo akifundishwa, babake alikuwa akingoja simu kwenye gari, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Mtu wa Mombasa atasemaje kwa Wazungu kwamba maji hayajui? Alikuja akitembea kwa vidole vya miguu mpaka chini kukaisha, akifikiri atajishika kwa heshima mpaka ng'ambo.

"Somo, enda," Kafedha akasema. "Piga miguu, usingoje mtu. Enda."

Akazama. Alimpata mkwewe chini kidogo, akamtia mkono kwapani, akambana ubavuni kwake, tumbo la kijana kwenye mbavu zake, miguu yao imepishana kama ya pweza, na akampandisha. Walitokea juu uso kwa uso. Miaka kumi ya ukwe hawajawahi kuangaliana machoni. Waliangaliana hapo, karibu kuliko mtu na kinyozi wake, Morgan akitema maji, kofia imempanda.

"Samahani, mama," akasema.

"Nyamaza, upumue."

Filimbi ikalia, lakini Kafedha hakuingoja. Alimburura mpaka ukingoni akambandika kwenye ngazi kama nguo unayoianika. Na ndipo wakasikia makofi. Ng'ambo ya pili Somo alikuwa ameshika ukingo, amevuka mwenyewe, hana wa kulia wala wa kushoto, anahema, meno yote nje.

Sasa ikawa kutoka. Morgan hakutoka. Kafedha hakutoka. Watoto wengine walivuka, wakamaliza, wazazi wakapanda, na wale wawili bado majini, mmoja kona hii, mmoja kona ile, wamebakia vichwa viwili. Ngozi za vidole zikakunjamana. Mwishowe Somo akaja ukingoni na taulo, amelifungua kwa mikono miwili kama mtu anayekinga mvua. Nyuma yake alikuwepo yule msichana wa siku ile, mwenziwe aliyenyoosha kidole kwenye kioo.

Kafedha akapanda ngazi. Taulo halikufika kila mahali. Yule msichana akaliona kovu, akalitazama wazi wazi kama watoto wanavyotazama, na Kafedha akalivuta taulo chini.

Somo akajigusa kifua. "Kafedha," akamwambia mwenziwe. Kisha akamshika bibi yake pale pale pajani, palipoungua, kiganja chake kidogo na baridi. "Kafedha," akasema tena.

Hiyo nayo haikutaka mkalimani.

Kafedha akarudi Mjambere. Mwanatabu alimngoja na maswali kama mtu aliyeyaandika.

"Picha ziko wapi?"

"Simu iliingia maji."

"Uliogelea?"

"Niliogelea."

"Na leso?"

"Maji yao yanataka nguo yao. Nikavaa. Hakuna aliyeniona, tulikuwa wanawake watupu." Akakoroga unga wa kuchovyea viazi kwa nguvu, mpaka ukamrukia. Kostumu ilikuwa ndani ya sanduku, imefungwa kwenye mfuko mweusi, mfuko ndani ya mfuko.

Ingekuwa imeishia hapo. Lakini Morgan kule alikuwa hapati usingizi. Wiki ya pili, saa tisa mchana, wateja wamejaa, akatokea Ngowa, kaka mkubwa wa Morgan anayekaa karibu na uwanja wa ndege kule Changamwe. Alikuwa amevaa shati la kanisani, kwapani ana jogoo mwekundu, mkononi doti ya leso mpya. Alisimama mbele ya karai, hakukaa.

"Mama, hodi. Nimetumwa na mdogo wangu. Amesema nikuletee hivi mchana, watu wakiwepo. Amesema ni ya yale."

Benchi lote likageuka. Wagiriama waliokuwepo walijua papo hapo. Wasiokuwa Wagiriama waliangalia nyuso za Wagiriama wakajua pia. Yule jogoo peke yake ndiye aliyesema kitu.

"Yale yepi?" Mwanatabu akauliza, taratibu, kikombe cha ukwaju kimesimama hewani.

Viazi vilikuwa vinaungua. Kafedha aliviona vinageuka kahawia, kisha vyeusi, na hakuvitoa. Njia zilikuwa mbili na zote alizijua. Akikataa, amesema hapana lililotokea. Mjambere itakosa hadithi, lakini aibu itabaki imesimama kati yake na Morgan, na kijana hataingia tena nyumbani kwake, na akija Mombasa Disemba na mtoto, mtoto atashushiwa getini. Akipokea, amekubali mbele ya benchi zima kwamba mkwewe alimwona na alimgusa, na kesho mpaka Bamburi watakuwa wanajua, na kila mmoja ataongeza chumvi ya kwake.

Jasho lilimtoka, la moto na la mengine. Akafuta mikono kwenye dera. Akasimama, na kibao kikaonekana kwa mara ya kwanza mchana huo.

"Lete," akasema.

Akapokea leso. Akazitenganisha kwa meno, akajifunga moja kiunoni juu ya dera, pale pale, nyengine akajitupia mabegani, wote wakiona. Jogoo akamfunga kwenye mguu wa meza.

"Mwambie nimesitirika. Mwambie akija Disemba aingie ndani, asikohoe."

"Nitamwambia," Ngowa akasema, na ndipo alipokubali kukaa na kuuliza kama vipo visivyoungua.

Mwanatabu alikuwa ameshavuta kiti. "Shoga. Wanawake watupu?"

"Kulikuwa na sheria," Kafedha akasema, macho yake kwenye karai. "Ukutani. Kwa picha."

Akaanza kueleza. Dera akaeleza, filimbi akaeleza, kioo cha dukani akaeleza mpaka benchi likacheka na yeye akacheka nao. Alipofika pale chini ya maji, kwapa la mkwe na uso kwa uso, aliinama chini ya jiko akapuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri. Alipuliza muda mrefu.

"Haya, kisha?" Mwanatabu akasema.

"Kisha Somo akavuka," Kafedha akasema kutoka huko chini. "Mwenyewe."